Riwaya za fantasia za vijana zinafia kitabu cha tatu, za kusisimua zinakukesha mpaka alfajiri. Kwa nini?

#1 Panya wa Maktaba
Wakuu, habari za jioni.

Tangu Januari nimemaliza riwaya kumi na nne za vijana, hizi za Kiingereza zinazotamba. Tisa za fantasia: majoka, falme, binti anayegundua ana nguvu ambazo hata mama yake hakumwambia. Tano za kusisimua: kuna maiti, kuna mwanafunzi mdadisi, kuna mji mdogo wenye siri. Nimefika kwenye msimamo, nauweka hapa mnipige mawe.

Fantasia kitabu cha kwanza ni moto, cha pili vuguvugu, cha tatu kiporo. Mfano wangu ni Tomi Adeyemi. Children of Blood and Bone ya 2018 niliimaliza kwa siku mbili na sufuria ya maharage iliungua. Zélie, ile nchi ya Orïsha iliyosukwa kwa imani za Kiyoruba, mfalme aliyeua watu wenye uchawi, mama yake Zélie akiwamo. Unasoma meno yameumana. Kitabu cha tatu kimetoka 2024, maadui wapya wanaibuka kutoka ng'ambo ya bahari, na wale niliowachukia kwa vitabu viwili wanasogezwa pembeni. Nilikisoma wiki tatu, kama dozi.

Sasa mchukue Holly Jackson, A Good Girl's Guide to Murder. Hakuna joka. Pip ni mwanafunzi tu, anafanya mradi wa shule kuhusu kesi ya miaka mitano nyuma ambayo mji mzima unaamini imeshakwisha. Nilishtuliwa na adhana ya alfajiri, mgongo umekakamaa.

Tatizo ni vitabu au ni mimi?

#2 Kidagaa
Nimeweka kigoda mbele kabisa. Waje wenye nondo.

#3 Chuma cha Reli
Mkuu, jibu ni hela. Mchapishaji akishaona cha kwanza kimeuza, anataka vitatu vikae rafuni vimefanana migongo. Mwandishi ana hadithi ya kitabu kimoja na nusu, atafanyaje? Anaongeza safari. Ukiona wahusika wanatembea msituni kurasa tisini wanagombana kuhusu nani anampenda nani, ujue hapo unasoma mkataba.

Ushahidi: Six of Crows ya Leigh Bardugo. Wahalifu sita wanaingia kwenye ngome isiyoingilika kumtoa mtu. Fantasia kamili, lakini inaenda kama wizi wa benki. Na trilojia yake yote haina kitabu kibovu.

#4 Bint Kisauni
Chuma, ni trilojia ipi hiyo? Six of Crows ni vitabu viwili tu. Cha 2015, halafu Crooked Kingdom 2016, basi. Trilojia ni ile nyingine ya mwandishi huyohuyo, ya ulimwengu huohuo.

#5 Chuma cha Reli
Nakubali kosa dada. Lakini si umeniongezea nguvu? Viwili, na havijachacha!

#6 Mama Pacha
Mimi nina kesi, siyo hoja. Mwaka jana binti yangu wa kidato cha kwanza alinisumbua kuhusu Fourth Wing ya Rebecca Yarros. Kila siku TikTok, kila siku Fourth Wing. Nikaona jalada la dhahabu, kuna majoka, kuna chuo, nikasema hiki ni cha watoto. Nimenunua mwenyewe, nimefunga na karatasi ya zawadi mwenyewe.

Nikaamua kupitia kidogo kabla ya kumpa. Wakuu. Kufika katikati nilikuwa nimekaa kitandani, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Zawadi akapata viatu.

#7 Kidagaa
Na kitabu ukakirudisha dukani?

#8 Mama Pacha
Nipo kitabu cha tatu. Usiniulize tena.

#9 Mwl. Kinyogoli
Mama Pacha, pole. Wengi wanaangukia hapohapo. Kile si kitabu cha vijana, kimeandikwa kwa watu wazima tangu mwanzo. Mhusika ana miaka ishirini na yuko chuo cha kijeshi. TikTok inachanganya kapu moja: joka likionekana, watu wanasema cha vijana. Mleta mada, katika zile tisa zako, ngapi kweli ni za vijana? Huenda unapima mapapai na maembe kwenye mzani mmoja.

#10 Panya wa Maktaba
Mwalimu umenikamata. Mbili ni za watu wazima, nimezihesabu kimakosa. Basi saba kwa tano. Msimamo bado.

#11 Mshale
Naomba msaada wenu na mnicheke taratibu.

Hicho cha Holly Jackson nilikinunua kwenye vitabu vya mtumba vinavyopangwa chini pale Posta, Dar. Elfu saba. Nikasoma kama mwendawazimu, kwenye daladala, kwenye foleni ya benki. Nimefika Pip anakaribia kumtaja mtu, nageuza ukurasa, nakutana na jalada la nyuma. Fomu nzima ya mwisho, lile fungu la kurasa zilizoshonwa pamoja, imenyofoka. Imebaki gundi na uzi mmoja unaning'inia.

Nilirudi, muuzaji akaniambia, "Bosi, mimi nauza vitabu, siuzi miisho."

Huu mwaka wa pili. Mimi najua ni yule polisi kijana. Nipo sahihi?

#12 Kidagaa
🤣🤣🤣 "Siuzi miisho"!

#13 Bint Kisauni
Wallahi mtu yeyote asimwambie. Hii ndiyo burudani ya uzi.

#14 Chuma cha Reli
Nakazia. Yeyote atakayetaja jina, mods wampe likizo.

#15 Mshale
Nyie watu hamna utu.

#16 Bint Kisauni
Narudi kwa mada. Mkuu Panya, mie sikubali kwamba ni kitabu cha tatu, na si hela peke yake. Uchawi wa hivi vitabu vingi hauna bei. Binti ananyoosha mkono, moto watoka, akiumwa kichwa kidogo basi yaishia hapo. Sisi twalelewa na hadithi ambazo kila kitu cha gizani kina sharti lake. Ukimwita jini, utampa nini? Ukiahidi, huna budi utimize. Bibi yangu akisimulia, tulikuwa hatuogopi jini, twaogopa lile neno ambalo mtu alilitamka bila kufikiri, kwa sababu twajua litarudi.

Someni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwanamke wa Mombasa. Imetoka 2021, na 2022 ikapata tuzo ya Ursula K. Le Guin, mwaka ule tuzo yenyewe ilipoanza. Aisha, msichana wa Kihadhrami, babake mvuvi amepotea baharini. Aenda kumtafuta kwa chombo cha mifupa, pamoja na paka. Paka huyo ni msomi, na ana maneno kushinda mashekhe watatu. Humo baharini kuna majitu, na mkubwa wao ni baba wa papa wote. Kila hatua Aisha yuataka kitu, na kila kitu chamdai kitu. Na akisharudi nyumbani mambo hayajaisha, ndipo yanapoanza. Nilipofika kwenye kunguru wanaozungumza nilicheka peke yangu, kwa sababu nyumbani kwetu kunguru kweli wanakaa ukutani wanasengenya.

#17 Panya wa Maktaba
Hiyo nimeandika. Ila Bint, hiyo kweli ni ya vijana? Mwalimu asije akanikamata tena.

#18 Bint Kisauni
Haina lebo ya vijana. Lakini msichana yuataka bahari, nyumbani wataka aolewe. Kama hilo si jambo la vijana, basi sijui.

#19 Mkaazi wa Muscat
Salaam. Dada Kisauni kasema kweli kuhusu sharti. Mwanangu wa miaka kumi na sita, kazaliwa huku, anasoma hivi vya majoka usiku kucha. Nikamsimulia Adili na Nduguze kama nilivyosomeshwa Unguja: kila usiku Adili anawachapa manyani wawili mijeledi, huku mwenyewe analia, kisha anawafuta machozi kwa mikono yake. Mgeni wake anachungulia. Mtoto akaacha simu. "Kwa nini anawapiga ikiwa anawapenda?" Nikamwambia kesho. Kesho yake kanisubiri mlangoni.

#20 Mwl. Kinyogoli
Hapo ndipo nilipotaka kufika. Watoto wangu darasani wanasema fantasia ni mambo ya Wazungu. Nawauliza: Kusadikika iko wapi? Wanajibu kwa mkupuo, angani. Nani alitumwa kutoka huko? Wajumbe sita, pande zote za dunia, mpaka mbinguni na ardhini. Sasa hiyo siyo fantasia? Kimya. Kwao ni "kitabu cha mtihani", kwa hiyo hakiwezi kuwa na raha. Tumefundisha dhamira, maudhui na fani mpaka nchi nzima inayoelea hewani imekuwa kama hotuba ya mkuu wa wilaya.

Halafu kuna lugha. Nina wanafunzi wanaosoma fantasia ya Kiingereza. Kiingereza chenyewe ni cha kutafuta, hapo hapo anakutana na majina mia ya kubuni, vyeo vya kubuni, miungu ya kubuni, na ramani ukurasa wa kwanza. Hajui neno lipi aangalie kwenye kamusi na lipi limetungwa na mwandishi. Mmoja alinijia na orodha ya maneno ishirini, kumi na mbili hayapo duniani. Riwaya ya mauaji haina mzigo huo. Polisi ni polisi, kisu ni kisu.

#21 Kidagaa
Mwalimu, Kusadikika si ya miaka ya sitini? Enzi hizo hakukuwa na haya mambo ya fantasia.

#22 Mwl. Kinyogoli
Ya 1951, kijana. Adili na Nduguze ikafuata 1952.

#23 Shoka la Mbao
Wasee, nipo Nairobi. Naona mnazunguka. Mleta mada kasema za kusisimua zinashika kwa sababu hujui mwisho. Hebu nielezeni Sunrise on the Reaping ya Suzanne Collins, ule mfululizo wa The Hunger Games. Imetoka Machi 2025, inamhusu Haymitch, miaka ishirini na minne kabla ya Katniss. Ni ile michezo ya hamsini ya watoto kuuana mpaka abaki mmoja, walipopeleka watoto arobaini na wanane badala ya ishirini na wanne. Kila mtu aliyesoma vile vitabu vya kwanza anajua nani atashinda. ANAJUA. Na bado nilisoma nikiwa nimeshika shavu. Kwa hiyo siri ya mwisho si kitu. Unachotaka kujua ni ilimgharimu nini.

#24 Panya wa Maktaba
Shoka, sikusema kwa sababu hujui mwisho. Soma #1 tena. Niliuliza tu.

#25 Shoka la Mbao
Basi nimejibu swali ambalo hukuuliza. Vilevile ni jibu.

#26 Chuma cha Reli
Na hiyo siyo fantasia wala nini. Hakuna uchawi mule. Ni serikali mbaya na kamera.

#27 Shoka la Mbao
Buda, kuna mijusi ya maabara na ndege wanaokariri maneno ya watu. Unataka mpaka Haymitch aruke na ungo?

#28 Mama Pacha
Mimi naona wote mnakwepa jambo dogo: muda. Hicho cha Adeyemi, cha pili kilitoka Desemba 2019, cha tatu Juni 2024. Miaka minne na nusu! Katikati hapo mimi nimejifungua pacha, nimehama nyumba, nimesahau hata dada wa mfalme ni nani. Unafungua cha tatu kama umeingia msibani huwajui wafiwa. Kosa la kitabu ni lipi hapo? Panya, ulivirudia viwili vya kwanza kabla ya cha tatu?

#29 Panya wa Maktaba
...Hapana.

#30 Mama Pacha
Asante. Ila kabla Bint hajanirukia: Amari ni binti wa yule mfalme wa kitabu cha kwanza, si dada yake. Unaona? Ndicho ninachosema, nimesahau kweli.

#31 Mzee wa Bwana Msa
Vijana, mnazungumza kama hadithi za upelelezi zimeanza na huyo binti wa Kiingereza. Sisi tulikuwa na Bwana Msa na kiko chake, Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la 1957-58, ikachapwa 1960. Muhammed Said Abdulla anakupeleka mzimuni, kuna maiti, watu wanasema ni mizimu, na Bwana Msa anakaa, anavuta kiko, anauliza swali moja la kipuuzi. Uchawi na upelelezi katika kitabu kimoja, na uchawi unashindwa. Baadaye wakaja kina Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, tukavisoma chini ya madawati mpaka majalada yakaisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada: sikio lako lilishazoeshwa. Umekulia kwenye nyumba zenye vitabu hivyo. Za kusisimua unazisoma kwa lugha ya nyumbani hata zikiwa kwa Kiingereza.

#32 Panya wa Maktaba
Mzee, hili limenigusa. Baba alikuwa na sanduku la Musiba chini ya kitanda. Mama alikuwa akisema ni vitabu vya wahuni.

#33 Mzee wa Bwana Msa
Na mama alikuwa anavisoma baba akiwa kazini. Muulize.

#34 Mtu wa Bukavu
Jambo kwenu wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, nimekomalia Nairobi. Ninataka kusema juu ya ile kitabu City of Saints & Thieves ya Natalie C. Anderson, ya 2017. Tina ni mukimbizi kutoka Kongo, mama yake alikuwa anafanya kazi kwa nyumba ya tajiri wa madini huku Kenya, wakamuua mule. Tina anaingia kwa genge, anakuwa mwizi, anangojea siku ya kulipiza. Mji wenyewe, Sangui City, hauko kwa ramani, ameutunga. Lakini mimi nilijua kila barabara.

Tatizo langu: kuna pahali wanarudi Kongo, na mimi nilifunga kitabu siku mbili. Kwa mwingine hiyo ni ya kusisimua. Kwangu haikukuwa ya kusisimua. Fantasia ndiyo ninasoma nikitaka kulala vizuri. Joka halijawahi kuja kwetu.

#35 Bint Kisauni
Pole ndugu yangu. Hii sikuwahi kuifikiria.

#36 Mwl. Kinyogoli
Shukrani kwa #34. Inapindua hata hoja yangu ya kisu ni kisu.

#37 Panya wa Maktaba
Nimesoma #34 mara mbili. Mie nilikua mahali ambapo maiti ilikuwa kitu cha kwenye kitabu.

#38 Kidagaa
Samahani kuhamisha mada. Kuna kile cha Nnedi Okorafor kinaitwa Binti. Nimekuta mhusika ni Mhimba wa Namibia. Anaitwaje Binti? Binti nani?

#39 Shoka la Mbao
Binti Mtu.

#40 Mkaazi wa Muscat
Kwetu ukiita "binti" barabarani watageuka kumi na tano.

#41 Mshale
Wakuu, kuna msamaria kanitumia picha za kurasa za mwisho faragha. Mungu ambariki. Ila nadhani kakosea kitabu. Hapa kuna mji unaitwa Fairview. Kitabu changu ni Little Kilton, Uingereza. Pip huyuhuyu, rafiki zake haohao, lakini yuko Fairview. Alihama lini? Au ni kitabu cha pili?

#42 Chuma cha Reli
Mimi niliyonayo ni Fairview tangu ukurasa wa kwanza. Iko Connecticut, Marekani. Little Kilton ndiyo nini?

#43 Panya wa Maktaba
Chuma, Little Kilton! Umesoma kitabu gani wewe?

#44 Chuma cha Reli
Wewe ndiye umesoma kitabu gani? Kitabu kiko hapa mezani, nitakupigia picha.

#45 Mama Pacha
Mtapigana bure. Toleo la Uingereza ni Little Kilton. Wamarekani walipokichapa kwao wakahamisha mji mzima wakaupeleka Connecticut. Wote mko sahihi. Mshale, kurasa hizo ni zako, soma "Fairview" kama "Kilton".

#46 Mzee wa Bwana Msa
Yaani Mmarekani hawezi kusoma mauaji mpaka maiti ihamie kwao? Sisi tumesoma London, Moscow na Beijing bila visa.

#47 Mwl. Kinyogoli
Mzee, hilo linastahili uzi wake.

#48 Bint Kisauni
Nani kamtumia Mshale? Nilisema asiambiwe! Mama Pacha, ni wewe?

#49 Mama Pacha
Mtu kakaa miaka miwili bila mwisho. Mimi ni mzazi.

#50 Shoka la Mbao
Mshale yuko wapi? Kimya.

#51 Kidagaa
Anasoma. Taa ya kijani inawaka.

#52 Panya wa Maktaba
Wakati tunamsubiri: nimetoa vile viwili vya Adeyemi rafuni, naanza upya leo usiku ili nikirudie cha tatu kwa haki. Nikichoka tena nitarudi kumdai Mama Pacha. The House of Rust nani anayo ya kuazimisha, Dar?

#53 Bint Kisauni
Yangu iko kwa binamu, Tanga. Alisema wiki moja. Huu mwezi wa tano.

#54 Mshale
Nimemaliza.

Sio polisi.

Wakuu, hamjui nimefanya nini. Miaka miwili nimemchukia yule kijana. Nilishamsimulia shemeji yangu kitabu chote nikamwambia kwa kiapo ni polisi, na yeye kawasimulia watu kazini kwake. Kuna ofisi nzima Kariakoo inaamini ni polisi.

#55 Kidagaa
Ofisi gani hiyo tuwapelekee fomu ya mwisho? 🤣

#56 Mshale
Nenda kamwambie yule muuzaji wa Posta kwanza. Jumamosi nimemkuta na cha pili, nimekigeuza, nimehesabu kurasa palepale mbele yake. Zimetimia. Kakata kona ya jalada tu.